Kuponi za Sabuni, Si za Ugali

Ingia duka lolote kubwa la vyakula Marekani, liwe Kroger ya Louisville, H-E-B ya Houston au Cub ya Minneapolis, ukiwa na kila kuponi iliyotolewa wiki hiyo, halafu anza kutafuta chakula cha kwetu. Unga mweupe wa mahindi, ni nadra uukute na kuponi. Maharage makavu, vivyo hivyo. Majani ya collard, yale tunayoyakata nyembamba tukayaita sukuma wiki, hayana kabisa. Mafuta ya mawese, samaki mkavu na muhogo wa barafu unavipata kwa Mkongomani, Msomali au Mhindi wa mtaa wa pili, naye hana habari ya kuponi. Bei yake ni ile aliyoiandika kwa kalamu. Lakini hama upande wa chakula, nenda kwenye sabuni, dawa ya meno, shampuu, tishu na pampasi. Huko kuponi zimejaa, wiki nenda wiki rudi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa ndugu zangu tunaoishi huku, na hasa waliofika juzijuzi, ni mmoja, na mengine yote yanaufuata huo: anza na kabati la bafuni, jiko liache kwanza. Wengi wetu hujaribu kuponi mara moja, wakakuta ni za nafaka za watoto zenye sukari, pizza za barafu na krispi, wakasema mambo haya ni ya Wamarekani, wakazitupa zote. Hizo za pizza ni halali kuzitupa. Za sabuni ni pesa.

Mgawanyo huu haukutokea kwa bahati. Kuponi nyingi hutolewa na mwenye chapa, wala si duka. Procter & Gamble, wanaotengeneza Tide, Pampers na Crest, wana hofu ya kila siku kwamba utanyoosha mkono uchukue Colgate au Huggies iliyopangwa pembeni yao. Dola mbili wanazokupunguzia ni gharama ya kukuhamisha, au ya kukuzuia usihame. Maharage hayana jina la kupiganiwa, ndiyo maana hayana kuponi. Mchezo wenyewe ni wa zamani: mwaka 1887 huko Atlanta, Coca-Cola walianza kugawa vikaratasi vya kumpa mtu glasi moja ya bure, na nia ilikuwa hiihii, uonje leo, kesho ulipe. Kuponi ni chambo, na anayelijua hilo anaweza kula chambo akaiacha ndoana.

Sababu ya pili ya kuanza na sabuni inahusu mifuko yetu. Msaada wa chakula wa serikali, SNAP, ambao wengi tunauita food stamp au kadi ya EBT, kazi yake ni chakula tu. Haulipii sabuni, pampasi, pedi za kina mama, karatasi za chooni, dawa wala vitamini, na haulipii kuku wa kuokwa anayeuzwa wa moto. Vyote hivyo vinatoka kwenye pesa taslimu, ileile ya kodi ya nyumba, ya mafuta ya gari na ya kumtumia mama kule Kigoma, Bukavu au Kisii. Dola uliyoiokoa kwenye sabuni ni dola unayoweza kuituma.

Tena sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imepunguza orodha ya wageni wanaostahili SNAP. Wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, yaani green card, wameondolewa humo. Kwa nyumba hizo kila kitu sasa ni pesa taslimu, chakula pamoja na sabuni. WIC, mpango wa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 5, ni mpango mwingine wenye masharti yake, kwa hiyo usiuache kwa sababu umesikia habari za SNAP. Na kama EBT unayo, jua kwamba kuponi unaruhusiwa kutumia. Duka linatakiwa kumtendea mwenye EBT sawasawa na mteja mwingine yeyote: kuponi inashusha bei kwanza, kadi inalipa kilichobaki.

Kuna na aibu, afadhali tuiseme. Nimewasikia watu wazima wakisema hawawezi kusimamisha foleni ya watu kwa ajili ya senti 75, wataonekana ombaomba. Duka halikupi sadaka. Soma maandishi madogo kwenye kuponi ya karatasi: mtengenezaji anaahidi kulirudishia duka thamani yote ya kuponi pamoja na posho ya kuishughulikia, kwa kawaida senti 8. Keshia akikukunjia uso, anakunja uso kwa jambo ambalo mwajiri wake analipwa. Mstari wa chini yake utaona imeandikwa kwamba kuponi ina thamani ya pesa taslimu ya 1/100 ya senti. Hayo ni masalia ya sheria za majimbo machache za enzi za stempu za biashara, S&H Green Stamps na wenzake, zilizotaka kila karatasi ya aina hiyo iwe na thamani fulani hata ikiwa ndogo namna gani. Usijisumbue kwenda kuidai.

Zinakopatikana

Zamani jibu lilikuwa gazeti la Jumapili. Ndani yake kulikuwa na vijitabu vya rangi vya kuponi, na watu walikaa na mkasi mezani wakikata. Vijitabu hivyo bado vipo katika baadhi ya magazeti, lakini vimekonda sana, na gazeti lenyewe limepanda bei. Sishauri mtu anunue gazeti kwa ajili ya kuponi siku hizi. Ukilipata bure kwa jirani aliyemaliza kusoma, chukua.

Siku hizi kuponi iko kwenye simu. Karibu kila mlolongo mkubwa wa maduka una programu yake: Kroger, Target yenye Target Circle, Walgreens, CVS, Dollar General, Safeway na wengine. Unafungua akaunti kwa namba ya simu au barua pepe, unapitia orodha, unagusa kuponi unazozitaka, na zinakaa kwenye akaunti yako. Ukifika kwa keshia unaingiza namba yako ya simu na bei inashuka yenyewe, bila karatasi wala maneno mengi. Kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, hii ni nafuu kubwa; hakuna wa kubishana naye. Jambo moja tu usilisahau: kuponi lazima uiguse kabla ya kulipa. Kuiona kwenye simu haitoshi. Watu wanatoka dukani wakiamini wamepunguziwa, kumbe waliisoma tu. Kabla hujaondoka pale kaunta, tazama risiti, na kama punguzo halikuingia nenda palepale kwenye dawati la huduma kwa wateja. Ukiwa na risiti na bidhaa mkononi utasikilizwa. Ukishafika nyumbani ni taabu.

Kroger wana kitu kingine kinachofaa familia kubwa: ofa za wiki za kwenye simu ambazo kuponi moja inafanya kazi mara nyingi, kwa kawaida hadi vitu 5 katika malipo mamoja. Dollar General kwa miaka mingi wamekuwa na kuponi ya Jumamosi, dola 5 chini ukinunua vitu vya dola 25. Kwa ununuzi wa sabuni na karatasi za chooni, siku hiyo ni ya kuwekea alama kwenye kalenda, maana kuponi za watengenezaji unaweza kuzitumia pamoja nayo. Ila hakikisha jumla yako inafika 25 kwa namna wanavyoihesabu wao kabla ya kusimama kwenye foleni. Ongeza kitu kidogo cha akiba mkononi.

Walio Texas watazame rafu za H-E-B. Pale kuna vikuponi vya njano vinavyoning'inia kwenye bidhaa yenyewe: nunua hiki, upate kile bure au kwa punguzo. Havihitaji simu, havihitaji akaunti, unavichana unakwenda navyo kwa keshia. Ni kuponi rafiki kuliko zote kwa mgeni, na mara mojamoja hata chakula cha kweli kinaguswa.

Maduka ya dawa, CVS na Walgreens, yana bei ya juu ukinunua hivihivi. Yeyote anayenunua shampuu pale kwa bei iliyobandikwa anachoma pesa. Lakini mtindo wao ni kukulipa baada ya kununua: nunua dawa za meno mbili, upate dola kadhaa za kutumia safari ijayo. CVS wanaziita ExtraBucks, na ndani ya maduka yao mengi kuna mashine nyekundu ambayo ukipitisha kadi au kuingiza namba ya simu inakuchapia kuponi. Ukilipa sehemu ya ununuzi wa leo kwa dola ulizopata wiki iliyopita, na ununuzi huo nao ukakupa nyingine, dawa ya meno inaweza kukufikia kwa senti chache au bure kabisa. Ndipo dawa ya meno ya bure inakotoka, wala si hadithi. Tahadhari ni kwamba dola hizo zina tarehe ya mwisho. Zikikaa zikafa, duka limekushinda.

Kisha kuna programu za kurudishiwa baada ya kununua. Ibotta ndiyo maarufu zaidi: unachagua ofa, unanunua popote inapokubalika, unapiga picha risiti au unaunganisha akaunti ya duka, na senti zinaingia. Huwezi kuzitoa mpaka zifike dola 20. Fetch inakupa pointi kwa karibu risiti yoyote, hata ya unga, na pointi zinageuka kadi za zawadi za maduka. Ni kidogo kidogo, lakini haikuombi ubadilishe unachonunua, na hilo ndilo ninaloipendea. Zile nyingine zinazojitokeza kila siku kwenye matangazo, ziacheni. Programu tatu au nne unazozitumia kweli zinatosha.

Kusoma kuponi

Neno la kwanza la kutafuta liko juu kabisa. Kama imeandikwa MANUFACTURER COUPON, imetoka kwa mtengenezaji na inapokelewa katika duka lolote linalokubali kuponi. Kama imeandikwa STORE COUPON au ina jina la duka peke yake, ni ya duka hilo. Tofauti hii ina pesa ndani yake, kwa sababu maduka mengi yatakuruhusu kuweka moja ya mtengenezaji na moja ya duka juu ya bidhaa moja. Mbili za mtengenezaji juu ya bidhaa moja hazikubaliki, hata kama moja ni ya karatasi na nyingine iko kwenye simu. Ukiongeza marejesho ya Ibotta baada ya hapo, umepunguza mara tatu kwa kitu kimoja na hujavunja sheria yoyote.

Kisha soma maneno, picha usiiamini. Picha huonyesha chupa kubwa na ya bei ya juu kuliko zote. Maneno yanaweza kusema saizi yoyote isipokuwa ile ndogo ya safari, maana yake unaweza kuchukua chupa ya bei ya chini na punguzo likabaki lilelile. Hapo ndipo kuponi inapouma vizuri. Dola 1 chini ya kitu cha dola 2 ni nusu ya bei. Dola 1 chini ya kitu cha dola 9 ni maneno matupu.

Wengi wanachanganywa na one per purchase na one per transaction. Ya kwanza inahesabu bidhaa: una chupa nne, unaweza kutumia kuponi nne. Ya pili inahesabu safari ya kaunta: malipo mamoja, kuponi moja. Na ukiona limit 4 like coupons, maana yake ni kuponi nne zinazofanana, basi. Kila mlolongo wa maduka umeandika masharti yake kwenye tovuti yake; yapige picha uyaweke kwenye simu, kwa sababu keshia mpya mara nyingi hayajui kuliko wewe. Mwonyeshe kwa upole. Asipokubali, mwombe meneja, bila kelele.

Kuhusu kodi, usishangae risiti ikionyesha umetozwa kodi ya mauzo juu ya bei kamili. Katika majimbo mengi kuponi ya mtengenezaji haipunguzi kiasi kinachotozwa kodi, kwa kuwa duka linarudishiwa pesa hizo. Ya duka ndiyo inayopunguza.

Kuponi bila ofa ni nusu ya kazi

Hili ndilo ambalo ningependa mtu alikumbuke kama hatakumbuka kingine. Siku unayoipata kuponi si lazima iwe siku ya kuitumia. Bidhaa zenye chapa hupanda na kushuka bei kwa mzunguko: wiki kadhaa juu, kisha wiki moja chini. Anayetumia kuponi wakati bei iko juu anapata kidogo, na mara nyingi bado analipa zaidi ya yule aliyechukua chapa ya duka bila kuponi yoyote.

Chukua mfano wa sabuni ya kufulia. Tuseme chapa ya duka ni dola 8 na chupa inatosha kufua mara 64. Hiyo ni senti 12 na nusu kila unapofua. Pembeni kuna yenye jina kubwa, dola 6.98, inatosha kufua mara 32, na wewe una kuponi ya dola 2. Unalipa 4.98, unajiona mjanja, kumbe kila ufuaji unakugharimu zaidi ya senti 15. Umepoteza. Sasa subiri. Ikishuka bei hadi dola 4.94, kuponi yako ileile inaiteremsha hadi 2.94, na kila ufuaji ni senti 9 na kidogo. Hapo umeshinda chapa ya duka, na hapo ndipo pa kuchukua chupa mbili au tatu. Pima kwa idadi ya kufua iliyoandikwa kwenye chupa, uzito au ujazo uuache, kwa sababu sabuni nyingine ni nzito na nyingine wameijaza maji. Kwa pampasi gawanya kwa idadi ya pampasi. Kwa karatasi za chooni hesabu vipande, maana neno mega roll kila kampuni inalipima kwa rula yake. Kwa vitu vingine duka lenyewe limekufanyia hesabu: kwenye kibandiko cha bei pale rafuni kuna namba ndogo pembeni inayoonyesha bei kwa aunsi au kwa kipande. Hiyo ndogo ndiyo ya kusoma.

Daftari dogo linasaidia, au ukurasa kwenye simu. Andika vitu kumi na tano ambavyo nyumba yako haikosi, na pembeni ya kila kimoja bei ya chini kabisa uliyowahi kuiona. Baada ya miezi michache hutahitaji kuuliza mtu kama ofa ni ya kweli. Kibandiko chekundu kinachosema SALE kitakuwa hakikutishi tena.

Zipo pia nyakati za mwaka. Agosti ni ya madaftari na mabegi ya shule, na majimbo kama Texas hutoa siku chache bila kodi ya mauzo kwa nguo na vifaa vya shule. Kuelekea Thanksgiving, mwezi wa Novemba, bata mzinga huuzwa kwa bei ya kuvutia watu mlangoni, na unga wa ngano, siagi na sukari hushuka, basi wapika maandazi na wajiandae. Kuelekea Julai 4 ni vitu vya kuchomea nyama. Kama kitu cha ofa kimekwisha rafuni, uliza kama wanatoa rain check, karatasi inayokuhakikishia bei ileile mzigo ukifika. Maduka mengine bado wanatoa, na hawataitaja wenyewe.

Lini uachane nazo

Aldi, duka ambalo familia nyingi za Kiafrika zinalitegemea, halipokei kuponi za watengenezaji. Costco vilevile. Usiwape kisogo kwa sababu hiyo. Mchele, mayai, maziwa, mafuta ya kupikia na nyama, mara nyingi Aldi wana bei ambayo Kroger hawaifikii hata ukiwa na mfuko wa kuponi. Mpangilio unaofaa nyumba nyingi ni huu: chakula Aldi na duka la Kiafrika, vitu vya bafuni na kufulia kwenye maduka ya kuponi, pale tu ofa na kuponi zinapokutana. Lakini usizunguke maduka sita kuokoa dola tatu. Petroli si bure, na mtu anayefanya zamu mbili ghalani hana saa za kuchezea.

Kuanzia mwaka 2010 televisheni ya TLC ilionyesha kipindi cha Extreme Couponing, watu wenye gereji zilizojaa dawa za meno na haradali ya kutosha kijiji. Kipindi kile kiliwaharibu wengi kwa kuwafanya waone kwamba bila mlima wa bidhaa hujafaulu. Akiba ya miezi miwili au mitatu inatosha, kwani ofa itarudi. Pampasi hasa usirundike; mtoto hamngojei mtu, na utabaki na maboksi ya saizi aliyoiacha.

Wenye utamaduni wa kujaza pipa la kutuma nyumbani wana sababu nzuri zaidi ya kuweka akiba. Dawa za meno, mafuta ya kujipaka, sabuni za kuogea na miswaki iliyokusanywa kidogo kidogo kwa bei ya karibu na bure hulijaza pipa bila kuumiza mwezi mmoja. Weka humo vitu vikavu na vya tarehe ndefu, na sabuni zenye harufu zifunge mbali na chochote kitakacholiwa. Ila usihesabu faida kabla ya kuhesabu nauli ya pipa. Kitu kizito na cha bei ndogo, kama sabuni ya maji ya vyombo, ni rahisi kukinunua Mombasa au Dar es Salaam kuliko kukisafirisha.

Na hili lisikilizwe vizuri. Kuponi za bandia zipo, na kesi zake si mchezo. Mwaka 2021 mahakama ya shirikisho huko Virginia ilimhukumu mwanamke wa Virginia Beach kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi za bandia na kuzisambaza kwa watu mtandaoni. Hasara ilipita dola milioni 31. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kawaida waliopenda rahisi. Kuponi halali haiuzwi: maandishi yake yenyewe yanasema ikiuzwa imekufa. Kuponi ya kupewa bidhaa nzima bure haitumwi kama picha kwenye WhatsApp. Ile inayokuahidi dola 75 za Costco au Aldi kwa masharti ya kuisambaza kwa marafiki na kujaza jina na namba zako ni mtego wa wezi, na kampuni hizo zimewahi kulazimika kukanusha hadharani. Raia anayekamatwa na udanganyifu anatozwa faini au anafungwa. Asiye raia anaweza kupoteza na ombi lake la green card au uraia, kwa kuwa hatia ya udanganyifu ina uzito wake mbele ya uhamiaji. Hakuna shampuu yenye thamani hiyo.

Kuhusu siri zako, programu hizi zinakusanya habari za unachonunua na mahali ulipo, na hizo ndizo biashara yao. Fungua barua pepe ya pekee kwa ajili ya maduka, zima ruhusa ya mahali ulipo pale isipohitajika, na usiunganishe akaunti ya benki kwenye programu ambayo hukuitafuta mwenyewe. Namba ya Social Security hakuna kuponi halali inayoiomba.

Limebaki la wazee wetu. Bei nyingi nzuri za leo ni za mwenye simu janja peke yake. Mzee asiyejua kuitumia anasimama mbele ya rafu ileile, anachukua bidhaa ileile, analipa zaidi. Jiji la San Diego lilipitisha sheria mwaka 2025 inayoyataka maduka ya vyakula yanayotoa kuponi za simu yawape na njia ya karatasi wasiokuwa na simu janja, na huko kaskazini mashariki Stop & Shop wameweka mashine ndani ya maduka zinazomwezesha mteja kupata ofa hizo bila simu. Kwingineko, uliza kwenye dawati la huduma. Maduka mengine humpa mteja bei ya simu akieleza kwamba hana. Lakini msitegemee dawati. Kama kanisani, msikitini au kwenye chama chenu kuna mama au mzee anayenunua sabuni kwa bei kamili, kaeni naye mara moja, mfungulieni akaunti ya duka lililo karibu naye, mwandikieni namba yake ya simu kwenye kikaratasi cha kuweka ndani ya pochi, na kila wiki mmoja wenu awe anamgusia kuponi zake kutoka nyumbani. Kwa keshia hatahitaji kusema neno, ataandika namba tu.